MAJI MOTO NA CHUMVI ZA SPA: Yanaponya kweli au tunalipia harufu?

MPENZI msomaji, kama wewe ni mkazi wa Dar na una macho, bila shaka umeona jinsi hizi spa zilivyoota kama uyoga, kuanzia Masaki hadi Sinza, Mikocheni hadi Mbezi. Zamani mtu akitaka kujipenda alikwenda saluni, akasetiwa nywele, akapakwa rangi ya kucha, basi, akarudi nyumbani. Siku hizi dada wa mjini anaingia kwenye chumba chenye mshumaa na muziki wa taratibu, anavuliwa viatu, miguu inatumbukizwa kwenye beseni la maji ya moto yaliyomwagiwa chumvi, kisha anaambiwa kwamba hiyo chumvi "inavuta sumu" yote mwilini. Nusu saa tu, mapene yamekatika! Na siyo akina dada peke yao. Washikaji nao wamo, tena wengine wanapitia mlango wa nyuma wasionekane na wenzao wa kijiweni.

Mimi sina ugomvi na mtu anayekula raha kwa hela yake. Mjini kuna adha nyingi, foleni, joto, mabosi wakorofi, kwa hiyo mtu akikanda miguu yake nani atamlaumu? Ninachouliza ni hiki: hayo madini yanayosemwa yanaingia kweli mwilini? Na je, wanasayansi wamewahi kukaa chini wakapima, au ni maneno ya muuza duka? Nimesoma, nimeuliza, nimekwenda hadi kwenye chemchemi yenyewe. Twende pamoja.

CHUMVI YA BIBI

Tuanze na hiyo chumvi ya kwenye beseni. Nyingi inayouzwa kwa jina la Epsom, ambao ni mji ulio kusini mwa London. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mwaka 1618 mchunga ng'ombe mmoja aliona maji kwenye shimo, akawapeleka ng'ombe wake wanywe, nao pamoja na kiu yao wakagoma. Akaonja, kumbe machungu balaa! Baadaye maji yale yalipochemshwa yakaacha chumvi, ambayo wanakemia wanaiita magnesiamu salfeti. Mji ukavuma, matajiri wakamiminika, wengine kunywa, wengine kuoga.

Sasa cheka kidogo. Chumvi hiyo hiyo inayowekwa leo kwenye kopo la kioo lenye utepe wa dhahabu, bibi zetu waliijua kwa jina la haluli. Ndiyo, haluli ile ile, dawa ya kuharisha! Ukiinywa inavuta maji kwenye utumbo, na kinachofuata unakijua mwenyewe, huhitaji mshumaa wala muziki.

Je, ukiloweka miguu magnesiamu inapenya ngozi? Magnesiamu yenyewe ni madini muhimu sana, misuli na neva haziendi bila hiyo, na tunaipata kwenye mboga za majani, karanga, maharage na nafaka isiyokobolewa. Lakini ngozi ya binadamu kazi yake ya kwanza ni kuzuia vitu visiingie ovyo. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu magnesiamu kupitia ngozi, wakachapisha mapitio yao kwenye jarida la lishe liitwalo Nutrients. Jibu lao lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kumwambia mtu apate magnesiamu kwa kuipaka au kuilowekea. Anayetaka madini hayo ale mchicha.

Na ile "sumu" je? Mwili una mashine zake za kutoa taka, ini na figo, na zinafanya kazi usiku na mchana bila kukudai. Kuna mashine nyingine zinatembezwa na wajanja, beseni lenye waya wa umeme, ukiweka miguu maji yanageuka kahawia, halafu unaonyeshwa, "Unaona uchafu wako huo!" Siyo uchafu wako, mshikaji. Ni vyuma vya kwenye lile beseni vinavyopata kutu haraka kwa sababu ya umeme na chumvi. Ukitoa miguu yako, maji yatageuka kahawia vile vile. Jaribu siku moja uwaombe wawashe beseni tupu, uone sura zao.

ILA MAJI YENYEWE SI MCHEZO

Usije ukadhani basi mambo yote ya maji moto ni usanii. Hapa ndipo uhondo ulipo.

Huko huko Uingereza kuna mji unaitwa Bath, wenye chemchemi inayotoa maji ya nyuzi 45 hivi, na Warumi walijenga mabafu yao pale karibu miaka 2000 iliyopita. Mwaka 1742 ikafunguliwa hospitali maalumu ya kuwatibu maskini kwa maji hayo. Wagonjwa wengi waliopelekwa pale walikuwa wamepooza mikono, viganja vinaning'inia kama jani la mgomba lililonyauka. Leo tunajua wengi wao walikuwa wamelishwa sumu ya risasi, siyo ya bunduki, nazungumzia yale madini, ambayo enzi hizo yalikuwa kwenye rangi za nyumba, kwenye mvinyo na kwenye pombe ya matofaa. Hospitali ilikuwa inaandika kila kitu: nani kaingia, anaumwa nini, katoka vipi. Kwenye vitabu hivyo, wagonjwa wengi wa kupooza kwa risasi wameandikwa kwamba walipata nafuu, na sehemu kubwa walipona kabisa.

Watu wakasema ni uongo wa wenye mabafu. Ndipo miaka ya 1980 madaktari wa eneo hilo wakaamua kupima. Waliwachukua watu wazima wenye afya, wakawakalisha kwenye maji ya uvuguvugu hadi shingoni, wakawa wanapima damu na mkojo. Mwaka 1985 wakachapisha matokeo kwenye jarida la madaktari la Uingereza, na mwaka uliofuata wakatoa mengine yaliyohusu risasi.

Kumbe mambo yako hivi. Ukikaa kwenye maji hadi shingoni, uzito wa maji unaibana miguu na tumbo, damu iliyokuwa imetulia kule chini inasukumwa juu kifuani. Moyo unajikuta umepokea damu nyingi, unapiga kwa nguvu zaidi, na mwili unadhani una maji ya kupita kiasi. Figo zinaambiwa, toeni! Mkojo unaongezeka, chumvi inatoka, na kwa wale wenye risasi mwilini, risasi nayo inatoka zaidi ya kawaida. Kwa hiyo wale maskini wa mwaka 1742 hawakuwa wanajidanganya. Walikalishwa majini muda mrefu, siku nyingi, wakiwa mbali na pombe yenye sumu, na figo zao zikafanya kazi.

Ila angalia vizuri, mpenzi msomaji. Kilichofanya kazi hapo ni kuzama hadi shingoni. Bwawa lolote lenye maji ya uvuguvugu lingefanya hivyo hivyo. Beseni la miguu haliwezi, labda ujikunje kama chapati uingie mzima.

Kuhusu magoti na viungo, Wafaransa ndio wamefanya kazi ya maana. Kwao matibabu ya maji yanaandikwa na daktari na bima ya afya ya serikali inachangia, kwa hiyo lazima wajue hela inakwenda wapi. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika miji mitatu ya maji moto, Aix-les-Bains, Balaruc na Dax, kwa wagonjwa zaidi ya 400 waliokuwa na magoti yaliyosagika. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walifundishwa mazoezi ya nyumbani na waliendelea na dawa zao, ila nusu yao wakaongezewa siku 18 za tiba ya maji, kukandwa, na matope ya moto. Baada ya miezi sita, karibu watu 51 katika kila 100 wa kundi la maji walikuwa na nafuu ya kueleweka, wakati kundi lingine walikuwa 36 katika kila 100.

Ni nafuu ya kweli, lakini siyo muujiza. Na kuna kasoro moja ambayo hata watafiti wenyewe wanaikubali: anayeoga anajua kwamba anaoga. Huwezi kumficha. Mtu akijua anahudumiwa, anakandwa, yuko mbali na kelele za nyumbani, maumivu yanapungua yenyewe. Wahungari, ambao nchi yao imejaa chemchemi za moto, wamejaribu kulizunguka tatizo hilo. Katika tafiti zao kadhaa waliwaweka wagonjwa wengine kwenye maji ya madini na wengine kwenye maji ya bomba yaliyopashwa joto lile lile, bila kuwaambia nani yuko wapi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, ila wa maji ya madini walionekana kuwazidi wenzao, na nafuu yao ikakaa zaidi. Tafiti zenyewe ni za watu wachache, ndiyo maana wakubwa wa sayansi bado wanabishana.

Kwa upande wa ngozi kuna jaribio moja nimelipenda kwa urahisi wake. Huko Kiel, Ujerumani, watafiti waliwachukua watu wenye ngozi kavu inayowasha, wakawaambia watumbukize mkono mmoja kwenye maji yenye chumvi ya Bahari ya Chumvi, ile iliyoko kati ya Israeli na Jordan, na mkono mwingine kwenye maji ya bomba, dakika 15. Mtu mmoja, mikono miwili, huna cha kusingizia! Matokeo yakachapishwa mwaka 2005: mkono wa chumvi ulikuwa laini zaidi, umeshika unyevu zaidi, na wekundu umepungua. Chumvi ile ina magnesiamu kwa wingi, na inaelekea inaisaidia ngozi yenyewe ya juu, hata kama haiingii hadi ndani kwenye damu. Kwa hiyo dada mwenye ngozi kavu akisema chumvi imemsaidia, usimcheke.

MAMA MDOGO NA UZI WA NAILONI

Sasa nikupe kisa kilichonifanya nisome yote haya. Mwaka jana simu ya mama mdogo kutoka Tanga ilinikuta nikiwa kwenye daladala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisikilize, usinikatize. Nataka uje unipeleke Amboni, kwenye maji ya salfa. Haya magoti yamenichosha."

Nikamwambia hilo mbona dogo, nitakuja Jumamosi. Kumbe hajamaliza. Jirani yake pale Ngamiani kamwambia aoge siku saba mfululizo, na siku hizo saba aache vidonge vyake vya sukari, eti dawa ya hospitali na dawa ya ardhini hazipatani. Mama mdogo ana kisukari zaidi ya miaka kumi. Nikahisi tumbo limenikata.

Nikamwomba kitu kimoja tu: kabla ya Amboni tupite kliniki yake. Alinuna, lakini akakubali, maana kwetu mtoto akiomba kwa adabu mzazi hukosa pa kushika.

Pale kliniki muuguzi hakumgombeza. Alimwambia avue viatu, alale, afumbe macho. Akachukua kijiti chenye uzi mfupi wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki, akasema, "Mama, kila nikikugusa sema ndiyo." Akaanza kuugandamiza ule uzi kwenye unyayo. Kidole gumba, kimya. Chini ya kidole kidogo, kimya. Kisigino, kimya. Mama mdogo, bado kafumba macho, akasema kwa upole, "Mwanangu, mbona huanzi?"

Mimi nilitoka nje kidogo.

Ugonjwa wa sukari ukikaa muda mrefu huharibu neva za miguu. Mtu anaweza kukanyaga msumari asijue, anaweza kutumbukiza mguu kwenye maji yanayounguza akaona ya uvuguvugu. Malengelenge yakitoka yanakuwa kidonda, damu haifiki vizuri, kidonda hakikauki, na mwisho wake ni kwenye chumba cha kukatwa mguu. Ndiyo maana wataalamu wa miguu ya wagonjwa wa sukari duniani wanasema maji ya kuosha miguu yao yawe chini ya nyuzi 37, na wasiloweke kabisa. Lile beseni la spa, ambalo kwa msichana wa miaka 22 ni starehe tu, kwa mama mdogo ni mtego. Na anayetumia sindano za insulini ajue pia kwamba maji ya moto yanaweza kuifanya dawa iingie kwenye damu haraka kuliko kawaida, sukari ikashuka ghafla akazimia mle mle majini.

Vidonge? Muuguzi alisema neno moja tu: "Mama, maji ya Amboni hayajui kusoma sukari." Mama mdogo akacheka, na nilipomwona anacheka nikajua tumepona.

TUKAENDA AMBONI

Jumapili tukakodi bajaji. Chemchemi zile ziko kaskazini ya mji, kilomita kama nane, upande huo huo wa yale mapango maarufu. Wenyeji wengine wanaziita Galanosi, jina la mkulima wa mkonge wa Kigiriki aliyeziendeleza zamani, jina hilo hilo unaliona kwenye shule ya sekondari pale Tanga. Kabla hujaona maji, pua inakupa habari: yai viza! Hiyo ni gesi ya salfa inayotoka ardhini pamoja na maji.

Mama mdogo alishuka na ndala zake za mpira miguuni, hakuvua, kwa sababu mawe yale yanakata na yeye asingesikia. Alipima maji kwa kiwiko, kama anayemwogeshea mtoto mchanga, siyo kwa mguu. Kisha akaketi kwenye jiwe, akawa anajimwagia magotini kwa kopo. Pembeni yetu kulikuwa na kijana mwenye upele, mzee mmoja wa baridi yabisi, na wasichana wawili wa chuo waliokuja kupiga picha. Salfa kwa ngozi siyo hadithi, hata madukani kuna sabuni na mafuta yenye salfa kwa ajili ya chunusi na upele.

Wakati tunarudi alisema magoti yamekuwa mepesi. Siku ya pili bado yalikuwa mepesi. Siku ya nne yakarudi kuuma. Wiki iliyofuata akapimwa sukari kliniki, ikawa ile ile, haikupanda wala kushuka, vidonge anameza. Sasa anakwenda akipata nauli.

SIYO SISI TU

Ukanda wetu umejaa maji ya moto kwa sababu ya lile Bonde la Ufa, ambapo ardhi inapasuka taratibu na moto wa chini uko jirani. Songwe kule Mbeya maji yanatoka ya kuchoma na yamejenga miamba ya marumaru kwa chokaa yake. Bogoria nchini Kenya yanachemka kabisa, na Olkaria karibu na Naivasha wamejenga bwawa la kuogelea linalotumia maji ya kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Hilo la Olkaria limefuata mfano wa Iceland, kwenye lile bwawa la buluu linaloitwa Blue Lagoon, ambalo siyo la asili kama wengi wanavyodhani. Ni maji yaliyomwagwa na mtambo wa umeme kuanzia mwaka 1976. Mwaka 1981 mgonjwa mmoja wa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kuota magamba, akaingia kuoga akaona nafuu, madaktari wakafuatilia, wakakuta silika na mwani vinahusika.

Ila aliyenifurahisha ni Mganda. Magharibi ya Uganda kuna chemchemi za Kitagata. Bwawa moja lilikuwa la mfalme wa Ankole, na lile jingine, wanakojazana wagonjwa, wananchi wamelipa jina la Mulago, yaani hospitali kuu ya Kampala!

Kwenye starehe hizo kuna mambo matatu ya kuchunga. La kwanza ni amiba wa kwenye maji ya uvuguvugu. Mwaka 1978 kule Bath msichana mmoja alifariki baada ya kuogelea, amiba aitwaye Naegleria aliingia puani akapanda ubongoni, na mabafu yakafungwa kwa umma hadi mwaka 2006, baada ya kuchimbwa visima vipya. Ni tukio la nadra sana, lakini kinga yake ni rahisi: usipige mbizi, usiingize maji puani. La pili ni hewa. Kule Goma na kando ya Ziwa Kivu kuna mashimo yanayokusanya hewa ya ukaa kutoka ardhini, haina rangi wala harufu, na inaua mbuzi hata watu. Wenyeji wanaiita mazuku, na neno hilo la kwetu sasa wanalitumia wanavolkano wa dunia nzima. Kwa hiyo usijilaze kwenye kishimo karibu na chemchemi ngeni eti umepata kivuli.

La tatu ni la washikaji wanaokaa kwenye jakuzi saa nzima kila siku. Joto lile linapunguza mbegu za kiume. Huwa zinarudi ukipumzika miezi michache, ila kama mkeo anatafuta ujauzito na wewe kila jioni umechemshwa kama yai, msilaumiane. Na mama mja mzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, maji ya moto sana siyo mahali pake.

KUYANYWA NI HABARI NYINGINE

Kuoga ni kuoga. Kunywa ndiko kunakoacha alama, na alama yenyewe iko kwenye meno.

Nenda Arusha, zungumza na vijana waliokulia maeneo ya Maji ya Chai na vijiji vinavyozunguka Meru. Wengine wanacheka kwa kuziba mdomo. Meno ya kahawia, mengine yana vishimo. Siyo uchafu wala siyo sigara, ni madini ya floraidi. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, hasa yenye magadi mengi na kalsiamu kidogo, hubeba floraidi nyingi, kwa sababu kalsiamu ndiyo ingeishika ikatuama. Floraidi kidogo ni rafiki wa meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi, inaharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, yaani kati ya kuzaliwa na miaka minane hivi. Ikizidi zaidi kwa miaka mingi, inagusa na mifupa.

Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali hadi 4, siyo kwa kupenda, bali kwa sababu vijiji vingine havikuwa na maji mengine, ndipo baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ndiyo, mifupa ile ya buchani, inachomwa kwa utaratibu maalumu, inasagwa, maji yanapitishwa humo, floraidi inanasa.

Lakini kuna mlango mwingine ambao wengi hatuutazami. Mwaka 1997 daktari wa meno Mabelya na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa kaskazini mwa nchi yetu. Kulikuwa na vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo tu, safi kabisa, na bado watoto walikuwa na meno ya kahawia. Inakuwaje? Wakafuata hadi jikoni. Wakakuta magadi! Yale mawe ya chumvichumvi yanayotiwa kwenye makande, maharage na mboga ngumu ili viive haraka, yalikuwa yamejaa floraidi, na mtoto alikuwa anailishwa kwa kijiko kila siku.

Hayo meno hayasafishwi kwa mkaa wala kwa ndimu, na yale mafuta ya kung'arisha yanayouzwa mitandaoni hayafiki mahali rangi ilipo. Daktari wa meno anaweza kuikwangua ile ngozi ya juu kitaalamu au kulifunika jino, na ni kazi ya fedha. Kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yako ndani ya fizi, hakuna gharama. Maharage yanalowekwa usiku, maji yale yanamwagwa asubuhi, yanabandikwa na maji mapya, na yanaiva vizuri tu bila magadi.